Nilitia sahihi kwa kifuniko nisichokiona, na sasa wanataka niwe mhandisi mkuu

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Ninakuandikia usiku, watoto wamelala na mume wangu yuko kazini. Nina umri wa miaka 45. Nilizaliwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na ninaomba usichapishe jina langu wala la nchi ninayoishi, kwa sababu watu wa kazi yangu ni wachache na karibu wote tunajuana.

Kazi yenyewe ni kuandaa setilaiti na roketi zikiwa bado chini. Mtu akisikia roketi huwaza moto na ngurumo, lakini sehemu yangu humalizika kabla moto haujawaka. Setilaiti hutufikia ndani ya kontena. Tunaifungua katika chumba safi ambamo hata vumbi la nguo halitakiwi, tunapima kifaa kimoja baada ya kingine kuona kama safari haikukidhuru, kisha mafundi wanaijaza haidrazini, mafuta yenye sumu kali ambayo hujazwa na watu waliovaa mavazi ya mwili mzima yenye hewa yake, kama wapiga mbizi. Mwisho inafungwa ndani ya ganda la kichwa cha roketi, na ganda likishafungwa hakuna jicho la mtu litakaloiona tena setilaiti ile. Ndiyo maana kila kinachofanyika kabla ya hapo huandikwa, na penye kila mstari mtu hutia sahihi yake kwamba jambo limefanywa naye ameliona.

Nimefika huku kwa sababu ya baba. Alikuwa nahodha wa mashua iliyowapeleka vibarua na mafundi kwenye majukwaa ya San Marco, ambayo Waitaliano waliyasimamisha baharini mbele ya kijiji chetu, na ambako setilaiti ya kwanza ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967. Alikuwapo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu, iliporushwa setilaiti ya Marekani ambayo kwa sababu ya siku hiyo ilipewa jina la Uhuru. Baadaye nilisoma kwamba mradi ule ulisimamiwa na mwanamke, Marjorie Townsend, nikaona kumbe njia ipo. Roketi ya mwisho ilipoondoka tarehe 25 Machi 1988 nilikuwa na miaka minane, nimemshika baba mkono ufukweni, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba ni ya mwisho.

Baba hakusoma sana. Alihesabu abiria wake kwa kokoto. Asubuhi, kila aliyeshuka jukwaani alihamishiwa kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Jioni, kila aliyepanda kurudi, kokoto yake ilirudishwa kulia. Maadamu mfuko wa kushoto ulikuwa na kokoto, nanga haikung'olewa, hata kama jua limekuchwa na watu wanampigia kelele.

Mwezi uliopita niliitwa nikaambiwa kwamba mhandisi mkuu wetu anastaafu, na mimi nimependekezwa kushika nafasi yake. Mhandisi mkuu kwetu hashiki spana, wala hapangi zamu za mafundi. Kazi yake ni kutoa neno la mwisho la kitaalamu: kasoro hii inakubalika, hii haikubaliki, kazi iendelee, kazi isimame. Katika mkutano wa mwisho kabla ya kurusha kila idara huulizwa kama iko tayari, naye akijibu bado, hesabu haiendelei.

Tatizo langu liko hapa. Miaka saba iliyopita, usiku mmoja, tulikuwa tukijiandaa kulifunga ganda. Setilaiti ikiwa chini huvishwa vifuniko vyekundu kwenye matundu na vioo vyake, vyenye kitambaa kirefu cha kuning'inia ili visisahaulike, na vyote lazima vitolewe kabla ya kufunga. Orodha ilikuwa na vifuniko 31. Juu ya sinia ya chuma vilipangwa 30. Nilivihesabu mara mbili kwa kidole. Nakumbuka kitambaa cha kile cha mwisho kilikuwa kimefumuka uzi pembeni. Kilichokosekana kilikuwa cha kifaa kinachotazama nyota ili setilaiti ijue imeelekea wapi, na kuirusha nacho ni sawa na kumtuma nahodha baharini amefungwa macho. Mahali pake palikuwa juu, upande usioonekana kutoka sakafuni, na jukwaa la kupandia lilikuwa limekwisha kuondolewa. Kulirudisha kungechukua saa tatu. Fundi mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alisema alikitoa mwenyewe zamu iliyotangulia akakipeleka kusafishwa. Tulikuwa tumechelewa, na simu ya msimamizi ililia kila robo saa. Nikaandika 31, nikatia sahihi.

Siku tisa zilizofuata sikuujua usingizi. Roketi iliruka, setilaiti ikaleta habari kwamba inaziona nyota, wenzangu wakapiga makofi, nami nikaenda chooni nikalia. Kifuniko kilipatikana baada ya miezi miwili, mfukoni mwa vazi la kazi lililokuwa kwenye kapu la dobi. Fundi alisema kweli. Lakini mimi sikujua kwamba ni kweli nilipotia sahihi. Alikiweka mezani kwangu, tukatazamana, hatukusema neno. Sijamweleza mtu, hata mume wangu. Fundi huyo bado yupo, na nikikubali cheo nitakuwa juu yake.

Katika mafunzo yetu huonyeshwa picha ya setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani iliyoanguka sakafuni tarehe 6 Septemba 2003, huko California, wakati ikigeuzwa kwenye kitoroli chake, kwa sababu bolti 24 zilizopaswa kuishikilia zilikuwa zimeondolewa na hakuna aliyetazama. Karatasi zilikuwa zimetiwa sahihi. Siku hizi mimi ndiye ninayewaonyesha vijana wapya picha hiyo, na kila mara ninaionyesha huku mikono yangu ikiwa imelowa jasho.

Na nyumbani nako kuna jambo. Mama yetu alifariki, baba ana miaka 82 na macho yake yamefunga ukungu, na mdogo wangu wa kike ndiye anayemtunza Malindi. Siku moja aliniambia kwenye simu, "Dada, wewe hutuma pesa, mimi hukesha." Baba mwenyewe hanilaumu, kila nikimpigia huuliza tu, "Hivi mwanangu, kazi yako hasa ni ipi?" Mhadhiri mmoja wa chuo kikuu huko nyumbani ameniuliza kama ningerudi kuwafundisha vijana wanaojenga setilaiti ndogo. Mshahara ni mdogo sana ukilinganisha na wa huku, lakini naona pengine huo ndio mlango niliofunguliwa na Mungu ili nitoke bila aibu.

Wanataka jibu mwisho wa mwezi ujao, na kabla ya hapo nitakuja Malindi kwa wiki mbili. Je, mtu aliyetia sahihi kwa asichokiona ana haki ya kukaa kwenye kiti hicho? Au nirudi nyumbani, nimtunze baba, nifundishe, na jambo hili nizikwe nalo?

Binti wa nahodha, ng'ambo

MAJIBU YA MSHAURI

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla ya yote nakushukuru kwa kuniaminisha jambo ambalo hukumwaminisha mtu kwa miaka saba. Unaniuliza uchague nini kati ya cheo cha ng'ambo na kurudi Malindi. Lakini kila niliposoma, nilijikuta nimesimama penye ile sinia ya chuma, natazama vifuniko 30 na kitambaa kilichofumuka uzi. Nadhani hata wewe hujaondoka pale. Kwa hiyo nitaanzia hapo, kisha tuzungumze habari ya cheo na ya nyumbani, kwa sababu nahofu kwamba tukianza na safari tutakuwa tunapakia mzigo kabla hatujajua ndani mna nini.

Sitakwambia kwamba ulichofanya ni kidogo. Wewe ndiye unayeijua kazi hiyo, na umekieleza kosa lako kwa usahihi kuliko ambavyo mtu mwingine angeweza: sahihi ile ilisema "nimeona", nawe ulikuwa umesikia tu. Hata hivyo naona umefunga pamoja mambo matatu ambayo ingefaa uyafungue. Kuna usiku ule, wenye simu ya kila robo saa na jukwaa lililokwisha kuondolewa. Kuna kimya cha miaka saba kilichofuata. Na kuna hukumu uliyojitolea, kwamba kwa sababu ya usiku ule wewe si mtu wa kutegemewa. La kwanza limekwisha kutokea na haliwezi kubadilishwa. La pili liko mikononi mwako hata leo. La tatu sina hakika kama ni kweli, na ningependa ulichunguze kwa ukali uleule unaochunguzia kasoro za kazini kwako.

Chukua ile picha unayowaonyesha vijana. Nimeitafuta nikasoma habari zake, maana sikuwa nazijua. Uchunguzi ulikuta kwamba kikosi hakikuthibitisha kwa macho, kiliegemea karatasi za nyuma, tena haukuishia kwa mafundi waliokuwa chumbani bali ulikwenda hadi kwenye usimamizi uliokuwa umelegea. Kisha ile setilaiti ilitengenezwa upya, ikarushwa tarehe 6 Februari 2009, ikafanya kazi yake. Sisemi haya ili nikufariji kwamba mambo huisha vizuri. Ninachokiona ni kwamba walioandika taarifa ile walikuwa na jambo la kuandika kwa sababu setilaiti ilianguka mbele ya watu. Yako haikuanguka. Hakuna aliyeuliza kwa nini jukwaa la kupandia liliondolewa kabla vifuniko havijakamilika, wala kwa nini kifuniko kiliweza kutoka chumbani kikaenda kusafishwa bila mstari wake kwenye daftari, wala nani aliruhusu msimamizi ampigie simu mtu anayehesabu. Hayo yote, mwanangu, umeyabeba wewe peke yako kana kwamba ni dhambi ya moyo wako, ilhali sehemu yake ni kasoro za utaratibu ambazo huenda zipo hadi leo, na usiku mwingine zinamngoja mtu mwingine.

Hapo ndipo kimya chako kinaponitia wasiwasi zaidi kuliko sahihi yako.

Sasa nije kwenye cheo. Mimi ni mtu wa Lamu, na katika ukoo wetu walikuwamo makalafati wa Matondoni. Chombo kikishaundwa, kalafati ndiye anayepita mshono kwa mshono akishindilia pamba iliyolowekwa mafuta, na siku ya kushua watu wakishakusanyika, mbuzi amechinjwa na vigelegele vimeanza, bado yeye ana haki ya kusema ngojeni. Maji ya bamvu, yale maji makuu ya kila wiki mbili, hayangoji, kwa hiyo neno lake linaweza kuwagharimu wenyewe wiki mbili. Nilimwona mzee mmoja akilisema, nikaona jinsi mwenye chombo alivyomtazama. Kazi uliyonieleza naielewa kwa njia hiyo. Ni kazi ya kuwa mtu wa kusema "bado" mbele ya watu waliokwisha kujiandalia kusikia "tayari".

Na historia ya fani yenu inaonyesha neno hilo lina uzito gani. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyounda injini za pembeni za chombo cha anga cha Marekani, Challenger, walipinga kurusha kwa sababu ya baridi. Hoja zao zilikuwapo mezani. Mmoja wa wakubwa akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya uongozi, na asubuhi watu saba wakafa. Baada ya chombo kingine cha aina hiyo, Columbia, kupotea mwaka 2003 na watu wengine saba, tume ya uchunguzi ilipendekeza mamlaka ya kitaalamu yawe huru, yasiwe chini ya wale wanaokimbizana na ratiba. Nayataja haya kwa sababu swali lako, "nina haki ya kukaa kwenye kiti hicho?", lina swali jingine la jirani ambalo hukuniuliza: kiti chenyewe kimejengwaje? Mhandisi mkuu wenu anaripoti kwa nani? Akisema kazi isimame, yupo mtu anayeweza kumpigia simu kila robo saa? Ukisharidhika na majibu ya maswali hayo, au ukishaona kwamba hayaridhishi, utakuwa na kitu cha kupima nacho zaidi ya aibu.

Unadhani anayestahili cheo hicho ni mtu ambaye hajawahi kutikisika. Huenda ni hivyo. Lakini mimi najiuliza kama mtu ambaye hajawahi kulala siku tisa macho wazi kwa sababu ya kifuniko kimoja anaweza kuisikia sauti ya kijana anayesema "ni tayari" huku akiangalia pembeni. Wewe ungeisikia. Lakini naona na hatari yake: mtu mwenye siri huweza kuwa mkali kupita kiasi kwa wengine ili kujilipia deni lake, au huweza kulegea pale ambapo anahofia kuulizwa. Na hapo kuna yule fundi. Yeye pia aliweka kifuniko mezani asiseme neno. Siku utakapolazimika kumkatalia jambo, nyote wawili mtakumbuka meza ile. Sijui kama ni mtu wa kukutisha nalo. Kwa namna ulivyomweleza sidhani. Ila kukaa juu ya mtu huku kati yenu pana jambo lisilotajwa ni kazi nyingine juu ya kazi.

Kama utafikiria kusema, zipo njia zaidi ya moja, na hakuna isiyo na gharama. Unaweza kumwendea mhandisi mkuu anayestaafu kabla hujajibu, ukamweleza yote. Anaweza kukuheshimu zaidi. Anaweza pia kuliondoa jina lako, na sina namna ya kukuhakikishia lipi litatokea. Unaweza kulipeleka jambo kupitia mfumo wa kuripoti kasoro kwa siri, kama mahali penu upo. Katika usafiri wa ndege huko Marekani mfumo wa namna hiyo umekuwapo tangu mwaka 1976, na ulianzishwa kwa kuelewa kwamba watu husema kweli zaidi wasipoogopa kuadhibiwa. Njia hii itatengeneza utaratibu lakini huenda isikutue mzigo. Unaweza pia kuanza na yule fundi, faragha, na hata kama utachagua njia nyingine nakuomba ufikirie kumjulisha kwanza, kwa sababu habari hii ukiifungua, jina lake limo ndani na riziki ya watoto wake pia. Na unaweza kunyamaza. Watu wengi wamenyamaza na wamefanya kazi njema kwa miaka mingi. Sikuhukumu ukichagua hivyo. Nakukumbusha tu kwamba umeniandikia barua, na mtu anayeweza kuendelea kunyamaza kwa amani kwa kawaida haandiki barua usiku.

Kuna mtu mmoja katika barua yako ambaye umemtaja mara mbili tu na kumpita haraka. Mumeo. Yuko kazini mstari wa kwanza, na mbele kidogo hajui. Uamuzi wowote utakaoufanya utahamisha maisha yake, au kuyabakiza yalipo, kwa sababu ambayo haijui. Watoto nao wana shule na marafiki na lugha ya huko. Kabla ya kumwambia mwajiri, na kabla ya kuniambia mimi, nadhani alikuwa na haki ya kusikia.

Kuhusu nyumbani, nitasema kwa upole lakini wazi. Umeliita pendekezo la yule mhadhiri mlango wa kutoka bila aibu. Neno hilo lilinishtua. Kufundisha vijana ni kazi kubwa mno kutumiwa kama mahali pa kujificha. Kenya ya leo siyo ile uliyoiacha: setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2018, na setilaiti nyingine yetu, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023, ingawa kwa roketi ya Marekani na kutoka California. Mkataba wa mwaka 2016 kati yetu na Italia kuhusu kituo cha Ngomeni umeyapa mafunzo nafasi yake. Vijana hao watahitaji mtu wa kuwafundisha kwa nini fundi hahesabu kwa kusikia, na sijui ni nani angewafundisha vizuri kuliko wewe. Lakini utawafundisha hivyo ukiwa na jambo lako moyoni bila kulisema? Picha ya bolti 24 utaionyesha na huku pia, na mikono italowa jasho vilevile.

Na ujue unachokiacha. Ngomeni haijarusha roketi tangu siku ile uliyomshika baba mkono. Kituo kipo, antena zake zinafanya kazi, lakini kazi yako ya mikono, ya chumba safi na ganda na haidrazini, haipo hapa kwa sasa. Mtu aliyeifanya ukubwani mwake wote akiiacha ghafla huomboleza, hata kama ameiacha kwa sababu njema. Wengine hupata faraja darasani. Wengine baada ya mwaka mmoja huanza kuwalaumu wale ambao kwa ajili yao walirudi, na sitaki baba yako wala mdogo wako wawe hao. Huenda pia si lazima mambo haya mawili yachaguliwe moja: waulize waajiri kama wanaweza kukungoja miezi michache, na mwulize mhadhiri kama muhula mmoja unaweza kutosha kwa kuanzia. Mara nyingi tarehe za mwisho ni ngumu kwenye barua na laini kwenye mazungumzo, ingawa kuomba muda nako kunaweza kumpa mwenzio nafasi ya kuchukua kiti.

Mdogo wako alikwambia, "Wewe hutuma pesa, mimi hukesha." Umelisikia kama wito wa kurudi. Inawezekana ni hivyo. Inawezekana pia ni mtu aliyechoka, anayetaka uulize amelala saa ngapi jana. Utakapofika, usianze kwa kumweleza mipango yako. Kaa naye jikoni, mruhusu atoke, wewe ukeshe na baba usiku tatu au nne mfululizo, umpe dawa, umshike mkono kwenda chooni, ndipo umwulize anahitaji nini. Pengine atasema anahitaji msaidizi anayelipwa vizuri. Pengine atasema anakuhitaji wewe. Na macho ya baba yakaguliwe na daktari wa macho, kwa sababu ukungu wa uzee mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mdogo. Usipange maisha yako yote juu ya upofu ambao huenda una tiba.

Halafu kuna swali lake, ambalo umelitaja kana kwamba ni maneno ya mzee tu: "Kazi yako hasa ni ipi?" Amekuuliza mara nyingi, na ningependa kujua ulimjibu nini. Kazi hiyo aliifanya kwa mashua. Alihamisha kokoto kutoka mfuko hadi mfuko, akapigiwa kelele, na hakung'oa nanga hadi hesabu ikakamilika. Wewe umemweka kichwani kama mtu ambaye hakukosea hata jioni moja, na nadhani nusu ya aibu yako ni aibu mbele yake. Lakini bahari ya Ngomeni wakati wa kusi naijua kidogo, na miaka aliyofanya kazi ile ni mingi.

Kwa hiyo ukiwa Malindi, jioni moja mkiwa wawili barazani, mweleze kazi yako ni ipi. Mweleze sinia, na vifuniko 30, na wa 31. Kisha mwulize kama iliwahi kutokea jioni ambayo kokoto moja ilibaki mfuko wa kushoto, mtu akasema yule ameshapanda, nami nimemwona, naye baba akang'oa nanga. Umsikilize hadi amalize. Baada ya hapo, kama utakuwa na nafasi, niandikie.

Mshauri wako